Dirisha la watoto na laini ya Tororo

SWALI: Mzee wangu, salamu nyingi. Laini kubwa ya umeme inapita hatua 30 kutoka dirisha la watoto. Mvua ikinyesha inavuma kama mzinga wa nyuki, na waya wetu wa kuanikia nguo hunichoma vidole. Jirani anasema watoto watapata saratani ya damu. Nihame? – Mama wa watatu, Tororo

JIBU: Salamu nimezipokea, mwanangu. Miaka 24 nimepanda minara ya umeme, na wanangu wamekulia kando ya laini hiyohiyo itokayo Jinja. Hofu yako naijua.

Jirani hajaitunga. Mwaka 1979 watafiti Nancy Wertheimer na Ed Leeper waliona uhusiano huo huko Denver, Marekani. Baadaye tafiti kadhaa zilijumlishwa: uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayotoka kwenye waya wa umeme, ukizidi ndani ya nyumba wastani wa maikrotesla 0.4 (kipimo cha nguvu hiyo), saratani ya damu kwa watoto ilionekana karibu mara mbili. Ila nyumba za namna hiyo ni chache, ugonjwa wenyewe ni adimu, na hakuna aliyeonyesha uga huo unauletaje. Ndiyo maana mwaka 2002 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka kwenye kundi la "huenda" unaleta saratani.

Kwa "huenda" hiyo mimi nisingeuza nyumba. Ningehamishia vitanda chumba cha nyuma, kama nilivyofanya kwangu. Sumaku hupenya ukuta, lakini hufifia upesi kadiri unavyokwenda mbali na laini. Nyumba ikiwa ndani ya ukanda wa laini wenyewe, ile ardhi iliyotengwa chini ya waya, hapo hama, kwa sababu waya huanguka.

Kinachokuchoma vidole si sumaku. Ule waya mrefu wa nguo unanasa chaji ya umeme kutoka kwenye laini iliyo juu. Ung'oe, funga kamba ya nailoni. Mabati nayo yakikuchoma, mwite fundi ayafunge ethi, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini.

Sasa ninachokuombea kwa moyo wote: kesho asubuhi kautazame mguu wa mnara. Wauza vyuma chakavu hukata zile pau za kukingama zinazoushikilia mnara. Ukikuta matundu ya bolti yako wazi na kutu bado haijaingia, wamepita juzi tu. Mwambie mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) na watu wa umeme siku hiyohiyo, na watoto wasicheze hapo. Tiara pia wasirushe upande huo, hata ya uzi. Uzi ukilowa hupitisha umeme. Nimewahi kumshusha mtoto wa miaka tisa aliyepanda kufuata tiara yake. Alikuwa amebakiza urefu wa mikono miwili tu kuufikia waya.

Niandikie umekuta nini mguuni.