Uzi wa gramu 10: mgonjwa mmoja, wapimaji wawili, majibu mawili

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari. Tuna mama mwenye kisukari cha miaka minane, nyayo zinamwaka moto usiku. Nilimpima kwa uzi wa nailoni akasema anahisi kote. Mwenzangu akampima wiki hiyohiyo, akakuta ganzi kwenye vidole. Tumwamini nani? Na je, tumpe rufaa akapimwe neva kwa umeme?

Jibu: Marahaba. Kwa sasa msiamini jibu lolote kati ya hayo mawili, mpimeni upya. Kipimo hiki ni rahisi kukiharibu, na huharibika pande zote mbili.

Uzi umetengenezwa upinde msukumo unapofika gramu 10. Usipopinda, hujafikisha msukumo huo. Ukiuburuta, mgonjwa atahisi mkwaruzo na kukujibu ndiyo. Kosa kubwa zaidi ni kuuliza "unahisi hapa?" kila unapogusa: mgonjwa hushika mwendo wako, naye kwa adabu ataitikia hata asipohisi kitu. Upande wa pili, uzi uliochoka hupinda mapema, kwa hiyo hukandamiza kidogo na kuonyesha ganzi isiyokuwepo. Ukishapima wagonjwa 10, upumzishe saa 24. Uliojikunja usinyooke tena utupeni.

Mlaze mama, soksi zote zivuliwe. Kwanza mguse mkononi au kwenye paji la uso ajue atakachohisi, kisha afumbe macho. Gusa upande wa chini wa kidole gumba cha mguu, kisha chini ya mzizi wa kidole gumba na chini ya mzizi wa kidole kidogo. Simamisha uzi wima, sukuma mpaka upinde, uondoe. Yote yasizidi kama sekunde mbili. Kila sehemu uliza mara tatu: mara mbili uguse kweli, mara moja uulize bila kugusa. Akisema anahisi, aseme pia ni mguu upi na wapi. Akipata mbili kati ya tatu, sehemu hiyo inahisi. Akikosa mbili, haihisi. Penye sugu, kovu au kidonda usiguse juu yake, pima pembeni. Miguu yenye sugu nene ndiyo inayowachanganya wengi.

Sasa hoja ya kuwaka moto, ambayo naona ndiyo nzito kwa mama huyu. Uzi, na vilevile uma wa sauti wa hezi 128 (chuma cha panda kinachotetemeka kikigongwa) unaowekwa juu ya mfupa wa ncha ya kidole gumba, hupima neva nene. Maumivu ya kuwaka hutoka kwenye neva nyembamba, na hizo zinaweza kuumia mapema huku uzi ukihisiwa vizuri kabisa. Zipimeni kwa ncha ya pini mpya inayotupwa baada ya mgonjwa mmoja, na kwa chuma baridi, mkilinganisha vidole na goti. Kipimo cha umeme nacho husoma neva nene, kwa hiyo kinaweza kurudi safi na mama bado anaungua. Rufaa iende kama ganzi iko mguu mmoja tu, kama udhaifu wa misuli umekuja haraka, au kama mikono ilianza kabla ya miguu.

Msikimbilie kukilaumu kisukari peke yake. Angalieni kama ametumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, kwani hupunguza vitamini B12. Ulizeni kuhusu isoniazidi (dawa ya kifua kikuu), pombe na VVU. Tafuteni mabaka ya ngozi yasiyohisi, na mpapase nyuma ya kifundo cha ndani: neva iliyonenepa pale inataka uchunguzi wa ukoma.

Siku uzi ukikosekana, tumia ncha ya kidole chako cha shahada. Gusa kwa wepesi, sekunde moja au mbili, ncha za kidole gumba, cha kati na kidogo kwa miguu yote. Asipohisi viwili au zaidi kati ya sita, mhesabuni amepoteza hisia za kinga, yaani zile zinazomwonya mguu unapoumia. Usirudie mguso ulioshindwa, wala usikandamize ili umsaidie.

Hisia zikiwa zimepotea lakini damu inafika vizuri na mguu haujapinda, akaguliwe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kwenye faili msiandike "neva nzuri" au "ganzi". Andikeni sehemu, mguu, na amepata ngapi kati ya tatu, ili atakayempima baadaye alinganishe.