Ukiandika simuleta ya prosesa, usibebeshe dikoda kila kitu

Nilikuwa nimejifungia kwangu Kondele na kilaptopu changu naandika simuleta (programu ya kuigiza chipu) ya 8086, ile prosesa ya Intel ya 1978, mambo yakienda poa tu mpaka nikafika REP MOVSB. Hii ni amri ya baiti mbili lakini inaweza kuhamisha baiti hadi 65,535, yaani ni lupu imejificha ndani ya amri.

Mimi nilikuwa nimejaza kila kitu ndani ya dikoda, ile sehemu inayosoma baiti na kujua ni amri gani. ADD ya kwenda memori haikunisumbua, nilivunja kuwa vijiamri vitatu, soma, jumlisha, andika, basi. Sasa kwa REP nikajifanya mjanja, hesabu nikaiweka kwa vigezo vya pembeni eti rejista CX (raundi zilizobaki), SI (data inakotoka) na DI (inakoenda) nitaziandika mwisho, itakuwa na spidi. Weh! Taima ikipiga intarapti (ishara ya kukatiza kazi kwa muda) katikati, kazi yote inatupwa, ikirudi inaanza moja, na kabla imalize taima imepiga tena. Hakuna era, hakuna nini, simuleta imeduwaa tu. Siku mbili nalaumu taima.

Dawa niliiona Kibuye kwa mama wa omena. Akipima gorogoro (kopo la kupimia) moja anaweka kijiwe kando, ukimwita anakujibu, anapiga na stori, akirudi anahesabu vijiwe na kuendelea. Ndio hivyo: kila raundi andika CX, SI na DI hapo hapo, IP (rejista inayoonyesha amri ya kufuata) iache kwa mwanzo wa amri, na intarapti iangalie hapo tu, sio katikati ya vijiamri. Na mwanzo namaanisha prifiksi ya kwanza (prifiksi ni baiti inayotangulia amri, kama REP), maana 8086 yenyewe ilikosea hapa, amri ikiwa na prifiksi mbili ilikuwa inarudi kwa ile ya mwisho, nyingine imepotea. Kama unataka kuiga chipu kabisa, iga na hiyo kasoro, mimi nimeiwekea swichi.

Dikoda siku hizi inasoma baiti na kusema tu anza mstari gani wa jedwali la maikrokodi, yaani orodha ya vijiamri. ROM ya 8086 (memori ya kudumu ya maikrokodi) ilikuwa na mistari 512 ya biti 21, lakini si lazima uinakili, yangu ni jedwali la kawaida tu.

Ah, na kaunta ya amri iongeze kwa kijiamri cha mwisho peke yake. Yangu ilikuwa inahesabu kila kijiamri, nikadhani nimeunda prosesa yenye mbio sana, nikaringia hadi majirani.