Boksi la Kashata Lililofundisha Aljebra Shule Zilipofungwa

Juma lililopita mwalimu mwenzangu aliniandikia akitaka kujua kama ni kweli kwamba mwaka 2020 nilifundisha milinganyo ya kipeo cha pili (ile yenye x²) kwa kadibodi na mkasi, wanafunzi wakiwa majumbani kwao, na kama mtu asiye na karakana anaweza kufanya hivyo. Ni kweli, na anaweza. Namjibu hapa kwa kirefu kwa sababu sidhani kwamba yuko peke yake, maana sote tunaofundisha hisabati tunatamani kumsikia mwanafunzi akilitetea jibu lake kwa sababu analielewa.

Shule za Kenya zilifungwa kufuatia tangazo la Machi 15, 2020, na wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili hawakurudi darasani hadi Januari 4, 2021. Mwezi wa Aprili, watu wakazuiwa kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Vipindi vya masomo vya redioni viliwasaidia wengi, ila redio haiulizwi swali. Nami nilifanya kama walivyofanya walimu wengi: nikapiga picha kurasa za mazoezi na kuzituma kwa WhatsApp. Kati ya wanafunzi 46, walionijibu ni 9, na majibu ya 6 kati yao yalifanana hata katika kosa la alama ya kutoa. Niliwaona wavivu, na mpaka leo najuta kwamba nilimwambia hivyo mzazi mmoja.

Mzazi huyo hakukasirika. Alinieleza kwa upole kwamba binti yake hushinda akimsaidia kufunga kashata, kwa kuwa biashara hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Nikamwuliza wanazifunga kwa kitu gani. Akasema ni magazeti, na kwamba nyingi huvunjika kabla ya kufika dukani.

Usiku huo nilichukua kipande cha kadibodi chenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 20, nikakata mraba katika kila kona, nikakunja pande nne juu, nikapata boksi lisilo na kifuniko. Kashata ya mama yule ilikuwa na sentimita 4 kwa 3.5, naye alitaka boksi la kubeba 24 katika tabaka moja, yaani kitako chenye eneo la sentimita za mraba 336. Swali nililowatumia wanafunzi wote halikuwa na x ndani yake. Niliwauliza tu: mraba wa kila kona uwe na upande wa sentimita ngapi?

Kwa siku mbili walikata kwa kubahatisha. Waliokata 2 walipata kitako kikubwa mno, na waliokata 4 walipata kidogo mno. Walipochoka kuharibu kadibodi ndipo nilipowaambia waite upande huo x, na kila mmoja akaona mwenyewe kwamba urefu unapungua kwa 2x, kwani kona ni mbili kila upande. Hapo (30 − 2x)(20 − 2x) = 336 ikawa ni habari ya boksi lao. Tukafungua mabano, tukagawanya kwa 4, tukapata x² − 25x + 66 = 0, na kwa vigawo (x − 3)(x − 22) = 0, yaani x ni 3 au 22.

Binti yule yule akanitumia ujumbe wa sauti: “Mwalimu, nikikata 22 hiyo kadibodi itatoka wapi?” Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimewaambia wanafunzi walikatae jibu lisilofaa, nao wakalikataa kwa kunitii tu. Huyu alilikataa kwa sababu alikuwa ameshika mkasi.

Maboksi ya kwanza yaliachia gundi, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliwaambia wakate mraba wote na kuutupa. Kata upande mmoja tu wa mraba, ule uliobaki ukunjwe uwe ulimi wa kupakwa gundi. Mwalimu asiyetengeneza kitu kwa mikono yake kwanza atawapotezea watoto vifaa ambavyo wazazi wao wamevinunua kwa shida.

Baadaye waliyauza. Mkasi na gundi viligharimu shilingi 180, karatasi ya manila shilingi 6 kwa kila boksi, na bei ilikuwa shilingi 20. Mlinganyo 20n = 180 + 6n, n ikiwa ni idadi ya maboksi, ulitoa 12.86 hivi, na palizuka ubishi wa jioni nzima kuhusu maana ya sehemu ya boksi, mpaka wakakubaliana kwamba faida huanza kwenye boksi la 13, nayo ni shilingi 2. Wakati huo walionijibu walikuwa 31.

Nilipowasilisha kazi hiyo, mkubwa wangu mmoja alisema kwamba hayo ni mambo ya ufundi na kwamba nimeuacha mtaala. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma, kwa sababu vigawo vya milinganyo ya kipeo cha pili vilikuwamo katika mtaala wa Kidato cha Pili, nasi tulivimaliza.

Kwa hiyo, mwenzangu, usianze na ukurasa wa kitabu. Uliza nyumbani kwa mwanafunzi kunatengenezwa nini, kisha utafute kipimo ambacho mwenyeji anakihitaji kwa dhati. Tengeneza mwenyewe kwanza. Usiitaje x kabla mwanafunzi hajachoka kubahatisha, na narudia hili kwa sababu ndipo tunapoharibu: tunawapa herufi kabla hawajaihitaji, kisha tunashangaa wanapoichukia. Kwa wasio na simu ya intaneti, swali langu lilitosha katika ujumbe mfupi mmoja wa kawaida, na jibu la “3, kwa sababu 22 haikatiki” lilirudi kwa njia hiyo hiyo.