Mandhari, tukio au kisa?

Swali: Kabla ya kutengeneza programu ya simu, timu yetu huandika vijihadithi vinavyomwonyesha mtumiaji akiitumia. Mmoja wetu huviita "mandhari ya matumizi", mwingine "matukio", mimi nimezoea "senario". Lipi linafaa?

Jibu: "Mandhari" liondoeni. Ni la kile kionekanacho, na hata wahakiki wa fasihi hulitumia kwa mahali na wakati wa hadithi, si hadithi yenyewe. "Tukio" limetokana na kutukia, ilhali chenu hakijatukia.

"Senario" silikatai. Asili yake ni Kiitaliano, katika michezo ya jukwaani: muhtasari wa nani anaingia, anataka nini, anakwama wapi, maneno waigizaji waliyabuni papo hapo. Watafiti kama John M. Carroll, waliolieneza katika ubunifu wa mifumo ya kompyuta miaka ya 1990, hawakwenda mbali na maana hiyo.

Hata hivyo mimi ningechagua "kisa". Kisa hakikosi mtu, na hubeba sababu pia, mtu akiuliza "Kisa?" anataka kujua kwa nini. Tahadhari moja tu: msiseme "kisa cha matumizi", kwa sababu baadhi ya waandaaji wa programu huita hivyo ile orodha ya hatua za mfumo iliyoasisiwa na mhandisi wa programu Ivar Jacobson. Tena wingi wake, "visa", tumezoea kuusikia katika hesabu za wagonjwa. "Kisa cha mtumiaji" kinatosha.

Kinachonisumbua zaidi, na hamkukiuliza, ni viambishi. Visa vingi ninavyovisoma huandikwa hivi: "Mtumiaji huchagua tarehe, kisha hubonyeza kitufe." Hayo ni maelekezo. Hu- ni ya mazoea, na hata nafsi haibebi: mimi, wewe, wao, sote huchagua. Mtu amepotea ndani ya kitenzi. Kisa hutaka -ka-, inayosukuma jambo moja baada ya jingine:

"Asha alikuwa amembeba mtoto kwa mkono wa kushoto. Akafungua programu kwa mkono wa kulia ili abadili tarehe ya miadi, akakiona kitufe kule juu, akanyoosha kidole gumba, kisifike. Akaizima simu."

Hapo mbunifu anajua kitufe kishushwe. Kwa ile sentensi ya hu-, kingebaki kulekule juu.