Mkoromaji hana usingizi mnono

SWALI: Daktari, mume wangu ana miaka 46 na ni dereva wa lori. Hukoroma hadi watoto wa chumba cha pili huamka. Ameuziwa mafuta ya mitishamba ya kudondosha puani. Je, aendelee nayo, au kuna mazoea anayoweza kubadili? (Mama wa wawili, Morogoro)

JIBU: Mafuta hayo, dada yangu, ayaache leo. Mkoromo hutoka hasa kooni, ambako kaakaa laini, kilimi na shina la ulimi hulegea usingizini na kutikiswa na hewa inayopita kwa shida katika njia iliyosinyaa. Tone la mafuta halikazi msuli uliolegea, na likiteremka hadi mapafuni laweza kuleta nimonia isiyosikia viuavijasumu.

Yanayosaidia hayauzwi kwenye chupa, ndiyo maana hayana wapiga debe. Alale ubavu, maana akilala chali ulimi hurudi nyuma. Mpira mdogo ulioshonewa mgongoni mwa fulana humkumbusha. Pombe ya jioni aiache, sigara vilevile, na kitambi kikipungua, mafuta yanayoibana njia ya hewa shingoni nayo hupungua.

Linalonichosha zaidi ni ile imani kwamba anayekoroma amelala fofofo. Nakuomba usiku usiusikilize mkoromo, usikilize kimya. Iwapo pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha akashtuka kama aliyepaliwa, basi oksijeni yake hushuka na ubongo humzindua mara nyingi kwa saa moja bila yeye kujua, hivyo huamka na kichwa kizito na kusinzia mchana, jambo ambalo kwa mtu aliyeshika usukani wa lori halina mzaha. Hapo ubavu na mpira havitoshi: arekodiwe kwa simu, apimwe shinikizo la damu, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, na asiendeshe akiwa na usingizi. Tiba ipo, ikiwamo mashine ya kupuliza hewa kwa barakoa, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliitangaza mwaka 1981.

Wasomaji wengine nao wasikie: muuzaji wa pete ya kidoleni ya kuzuia mkoromo, mafuta au utepe wa kuziba mdomo ambaye hajauliza kama pumzi hukatika hatibu chochote, ananyamazisha kengele tu, tena akishindwa hata hilo. Hatari zaidi ni anayekupa vidonge vya usingizi, kwani vingi hulegeza koo lilelile ambalo tayari limeshindwa kukaa wazi.