Rangi ya kiwandani katika riwaya ya Ellison: ishara inathibitishwaje?

Swali: Tunasoma *Invisible Man* ya Ralph Ellison. Darasani tumeambiwa kwamba rangi nyeupe ya kiwandani ni ishara ya ubaguzi. Nitalithibitishaje hilo mbele ya mtahini bila kuonekana ninakisia?

Jibu: Ndugu msomaji, iache ishara kwanza, uitazame kazi yenyewe inavyofanyika. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1952, wakati sheria za majimbo ya Kusini mwa Marekani zilikuwa bado zinawatenga Weusi na Wazungu. Msimulizi wake, kijana Mweusi asiyetajwa jina, anapata kibarua New York katika kiwanda cha Liberty Paints, na msimamizi anamwamuru atie matone kumi ya dawa nyeusi katika kila ndoo, kisha akoroge mpaka weusi utoweke kabisa. Rangi hiyo iitwayo Optic White inakwenda kupakwa kwenye mnara wa taifa. Nukuu hapo hapo, kwa kuwa hoja yako imo katika amri ile: weupe unaotukuzwa unahitaji weusi ili ukamilike, na mfanyakazi anatakiwa ahakikishe kwamba weusi huo hauonekani.

Kisha mfuate msimulizi chini ya ardhi, kwa mzee Lucius Brockway, Mweusi anayetengeneza kiini cha rangi zote za kiwanda. Wanafunzi wengi humpita haraka, na hilo hunisikitisha, maana ndipo uhakiki wa Ellison unapokuwa mkali zaidi. Brockway anajua kwamba kiwanda kinamtegemea, lakini anakichukia chama cha wafanyakazi na kumtetea tajiri kwa moyo wote. Kwa hiyo jibu linaloishia kwenye ukatili wa Wazungu peke yake halijaisoma sura hiyo mpaka mwisho.

Kinachokuondoa katika kukisia ni kuonyesha kwamba kitu kinarudi kwingine na kuendeleza maana ile ile. Chukua mkoba wa ngozi ambao wakubwa wa Kizungu wanamzawadia kijana huyo baada ya kuwapiganisha vijana Weusi wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Anazunguka nao riwaya nzima, na karibu na mwisho, akiwa gizani, anazichoma karatasi zilizomo ili apate mwanga, akianza na cheti chake cha shule. Ukiuweka mkoba huo kando ya ndoo za rangi, mtahini ataona kwamba ushahidi wako umetoka katika matukio ya riwaya yenyewe.