Barua kwa mwanangu: Bingwa ananyimwaje kupanda daraja?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia kwamba klabu ndogo ya soka ya mji unaoishi huko Uingereza imekuomba uandike kurasa nne za historia yake kwa ajili ya kijarida cha mechi. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, wazee wa klabu wanasema walikuwa mabingwa zaidi ya mara moja na "wakanyimwa" kuingia ligi ya juu, bingwa ananyimwaje? Pili, utapambanuaje kweli na masimulizi? Nayajibu kwa pamoja, kwa sababu ukishapata mwaka utaijua kanuni ya mwaka huo, na kanuni ndiyo itakayokuonyesha kama madai ya wazee yana mashiko.

Linawezekana kabisa. Football League, ligi ya klabu za kulipwa za huko, ilianza mwaka 1888 na klabu 12. Leo madaraja manne ya juu, yaani Premier League na matatu yaliyo chini yake, yana klabu 92, na zilizobaki zote zinahesabiwa kuwa nje ya ligi. Mpaka mwaka 1987, hakuna klabu ya nje iliyokuwa na haki ya kuingia kwa sababu tu imemaliza ya kwanza huko ilikokuwa. Mlango ulikuwa kura. Ligi ilipopanuka ilialika klabu mpya, kama mwaka 1920 ilipozichukua kwa mkupuo klabu za daraja la juu la Southern League, ligi ya nje ya kusini. Miaka mingine, klabu zilizoshika mkia ziliomba zichaguliwe upya kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na klabu za nje zikaomba nafasi hizo hizo.

Sasa angalia waliokuwa wakipiga kura: klabu zenyewe za ligi. Kila klabu ya madaraja mawili ya juu ilikuwa na kura yake kamili, na za madaraja ya chini ziligawana kura chache. Mpiga kura alikuwa akimwamua mwenzake anayemfahamu, na walio chini walijua kwamba leo kwake kesho kwangu. Kwa hiyo klabu za ndani zilirudishwa mwaka baada ya mwaka hata zilipocheza vibaya mno. Mimi naona ilikuwa dhuluma, na historia ya klabu nyingi ndogo haieleweki mpaka dhuluma hiyo itajwe wazi.

Chukua Peterborough United. Walitwaa Midland League mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960, kabla ya kura kuwaingiza mahali pa Gateshead. Msimu wao wa kwanza ndani, 1960-61, wakawa mabingwa wa Daraja la Nne kwa mabao 134. Timu yenye uwezo huo ilikuwa imekaa nje kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Hereford United waliingia mwaka 1972 badala ya Barrow, miezi michache baada ya kuitoa Newcastle United kwa mabao 2-1 kwenye Kombe la FA, na ushindi ule ndio uliowatangaza. Wimbledon waliingia 1977 mahali pa Workington, na Wigan Athletic 1978 mahali pa Southport baada ya kura kurudiwa. Mwaka 1980 Altrincham walikosa kwa kura moja tu, Rochdale wakabaki.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo wazee huenda hawakulitaja. Waombaji wa nje walikuwa wengi, wakagawana kura za wale waliotaka mabadiliko. Ndiyo maana mwaka 1979 ikaundwa Alliance Premier League, klabu 20 kutoka Southern League na Northern Premier League, ili wa nje wasimame na mwombaji mmoja. Kupanda moja kwa moja kulikuja mwaka 1987: Scarborough wakapanda, Lincoln City wakashuka, na msimu uliofuata Lincoln wakarudi. Nafasi ya pili ya kupanda, kwa mchujo, ilianza 2003, na Doncaster Rovers wakawa wa kwanza kuitumia.

Kwa hiyo kama mabingwa wenu ni wa kabla ya 1987, usiandike "walinyimwa" kabla ya kujua kama waliomba. Klabu nyingi hazikuomba kamwe. Nyingine zilikuwa za soka la ridhaa, hasa kusini kwenye Isthmian League na kaskazini-mashariki kwenye Northern League, na kwao kujiunga na ligi ya kulipwa kulimaanisha kubadili klabu nzima. Usizidharau. Bishop Auckland walitwaa Kombe la Ridhaa la FA mara 10, tatu kati ya hizo mfululizo 1955 hadi 1957, na fainali yao ya 1951 dhidi ya Pegasus ilijaza watu 100,000 Wembley. FA, chama cha soka cha huko, ilifuta tofauti ya ridhaa na kulipwa mwaka 1974, na kombe hilo likaishia hapo. Ukikuta mchezaji wa miaka ya 1960 anaitwa wa ridhaa huku wazee wakisema alikuwa akikuta fedha ndani ya kiatu, andika alivyosajiliwa, na neno la wazee liandike kama neno la wazee.

Kama mabingwa wenu ni wa baada ya 1987, tafuta uwanja. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Kidderminster Harriers walikuwa mabingwa wa ligi ya juu kabisa ya nje 1994, Macclesfield Town 1995, Stevenage Borough 1996, na wote watatu walizuiwa kwa sababu viwanja vyao havikukidhi masharti ya Football League. Tarehe ya mwisho ya kukamilisha ujenzi iliwekwa katikati ya msimu, kabla bingwa hajajulikana, kwa hiyo klabu ilitakiwa kutumia fedha kabla ya kujua kama itazihitaji. Stevenage walikwenda mahakamani. Hakimu aliona baadhi ya masharti yana kasoro, lakini hakuwapa nafuu waliyoomba kwa sababu walichelewa kulalamika. Macclesfield walipanda hatimaye 1997, Kidderminster 2000, Stevenage 2010. Masharti ya uwanja bado yanauma: Sutton United walipopanda mwaka 2021 walilazimika kung'oa nyasi zao bandia na kupanda za asili.

Na si juu tu. Ngazi zote za chini zina ukaguzi wa viwanja: uzio, taa, viti vya jukwaani, vyumba vya kubadilishia nguo vya timu na vya waamuzi. Timu inaweza kushinda ligi ya kaunti na ikabaki ilipo kwa sababu uwanja ni wa manispaa na hairuhusiwi kuuzungushia uzio. Klabu ndogo nyingi zimekwama hapo kuliko kwenye kura za Football League, kwa hiyo ningeanza hapo. Omba barua za ukaguzi. Katibu wa klabu huwa anazo kwenye faili.

Usisahau pia misimu isiyohesabika. Ligi ya 1939-40 ilisimamishwa baada ya michezo michache vita vilipoanza. Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya Korona, matokeo yote ya msimu wa 2019-20 kuanzia ngazi ya tatu hadi ya saba ya soka la nje ya ligi yalifutwa. Jersey Bulls walikuwa wameshinda michezo yao yote 27 ya ligi, na hawakupanda. Mzee akikuambia "tulikuwa tunaongoza wakafuta", huenda anasema kweli tupu.

Sasa namna ya kuhakiki. Anza na jedwali la mwisho la kila msimu unaodaiwa, na usilinakili kabla ya kulijumlisha. Jumla ya safu ya ushindi lazima ilingane na jumla ya safu ya vipigo, na mabao ya kufunga yalingane na ya kufungwa. Ligi ya klabu 22 zinazocheza nyumbani na ugenini ina mechi 462. Ushindi ukiwa na pointi 2, pointi za jedwali zima ni 924, pungufu au zaidi ni kosa la uchapaji au kuna klabu iliyokatwa pointi, mara nyingi kwa kuchezesha mchezaji asiyesajiliwa. Ushindi ukiwa na pointi 3, toa idadi ya mechi za sare kwenye 1,386. Safu ya sare inahesabu kila mechi mara mbili, kwa hiyo igawe kwa mbili kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea.

Football League ilihamia pointi 3 mwaka 1981, lakini ligi ndogo zilibadilika kila moja kwa wakati wake, basi tafuta kitabu cha kanuni cha ligi husika. Alliance Premier League, kuanzia 1983-84 hadi 1985-86, ilitoa pointi 2 kwa ushindi wa nyumbani na 3 kwa ushindi wa ugenini. Majedwali ya misimu hiyo yanaonekana yamekosewa, watu wanayasahihisha, na wanayaharibu.

Jambo jingine linalochanganya ni mabao. Zamani timu zilizolingana pointi zilitenganishwa kwa kugawanya mabao ya kufunga kwa ya kufungwa. Football League iliacha hesabu hiyo mwaka 1976. Timu yenye 60 kwa 30 inapata 2.00, na yenye 80 kwa 45 inapata 1.78, kwa hiyo ya kwanza inakaa juu. Kwa tofauti ya mabao ya siku hizi ingekuwa kinyume, 30 dhidi ya 35. Kabla hujasema kombe liliibwa, piga hesabu kwa kanuni ya wakati ule.

Kwa vikosi, usiamini kijarida cha mechi. Kilichapwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo kinaonyesha waliotarajiwa. Nakala iliyokatwa majina kwa kalamu na mtazamaji ina thamani kubwa zaidi, na gazeti la Jumatatu ni bora kuliko toleo la Jumamosi jioni, ambalo liliandikwa kwa taarifa za simu mechi ikiendelea. Ukikuta jina "A. N. Other" kwenye kikosi, usimwingize kwenye orodha ya wachezaji wa klabu. Ni jina la kujazia, la mchezaji ambaye hajateuliwa au hakutakiwa kutajwa.

Magazeti ya zamani yako kwenye mtandao wa British Newspaper Archive. Ni wa kulipia, lakini maktaba nyingi za umma zinautoa bure ukiwa ndani ya jengo. Maandishi yake yamesomwa na kompyuta na yana makosa mengi, hivyo ukitafuta jina la klabu pekee utakosa nusu ya habari. Tafuta jina la wapinzani pamoja na tarehe, au jina la uwanja. Hakikisha unasoma habari za kikosi cha kwanza. Timu ya akiba ilicheza kwa jina lile lile kwenye ligi nyingine, na mji mmoja unaweza kuwa umewahi kuwa na klabu mbili. Kwa viwanja vilivyopotea, Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka bure ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la serikali la ramani, za Uingereza pia. Fuatilia kiwanja kile kile ramani hadi ramani utaona jukwaa linavyotokea, kisha nyumba zinavyolifunika.

Mwisho ni mwaka wa kuanzishwa, ule uliochorwa kwenye nembo. Utafutie tarehe tatu: mkutano wa kwanza, mechi ya kwanza, na kuandikishwa kampuni. Hii ya tatu iko bure kwenye rejesta ya Companies House, ofisi ya usajili wa kampuni. Zikipishana sana, huenda klabu ilikufa ikafufuka. Accrington Stanley walijitoa ligi mwaka 1962 katikati ya msimu. Klabu ya sasa iliundwa 1968 na ikafika Football League 2006. Klabu iliyofufuka ina haki ya kujivunia mababu zake, lakini mataji uyaandike kwa mafungu mawili na useme wazi palipokatika.

Nitumie majina ya ligi na misimu wanayodai wazee, hata kama ni ya kukisia, pamoja na picha ya jedwali lolote lililoning'inizwa kwenye chumba cha klabu. Picha zilizopigwa na wengine usizichape bila ruhusa: hakimiliki ya picha hudumu miaka 70 baada ya mpigapicha kufariki, na nyuma ya picha nyingi kuna muhuri wa gazeti au studio wa kuanzia kuulizia.

Nakutakia kazi njema, mwanangu. Baba na wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako